Kinanda na Mablanketi ya Watu wa Mbali

Kitendawili! Semeni tega, tena kwa sauti, nisije nikadhani nimekaa na magogo.

Hana mkono, lakini anafungua kufuli. Hana mguu, lakini hakuna nyumba asiyoingia. Hana mfuko, lakini akipita, mifuko ya wenzake inakuwa myepesi. Nani huyo?

Mwizi? Mwizi ana miguu, tena ya kukimbilia. Upepo? Upepo haujafungua kufuli tangu dunia iumbwe. Mmeshindwa, nipeni mji. Haya, nimeupokea, nimeula na viunga vyake, sasa nawaambia: ni ulimi.

Basi palikuwa na mtu aliyejaliwa ulimi wa namna hiyo, na watu walimwita Kinanda, kwa sababu popote ulipombonyeza alitoa sauti tamu. Mbonyeze penye dini, anasali mpaka unafumba macho. Mbonyeze penye siasa, anahutubia. Mbonyeze penye msiba, analia kuliko wafiwa, na kabla hajaondoka ameshaonja kila sufuria. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa na koti la buluu lenye leso mfukoni, na koti hilo lilimfanyia kazi.

Asubuhi moja Kinanda alikuwa ameketi kwa fundi viatu, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi yenye dirisha. Akaona wanawake wanaingia jengo la ng'ambo ya barabara, lililokuwa zamani duka la samani. Mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na furushi kichwani au kwapani. Mafurushi yalikuwa manene. Kinanda alipoona kitu kinene kinaingia mahali pasipo na mlinzi, sikio lake la kushoto lilikuwa na tabia ya kuwasha. Likawasha.

"Fundi, wale kina mama wana nini? Harusi?"

"Harusi gani asubuhi yote hii!" Fundi viatu alisema huku misumari ikiwa mdomoni. "Wanafuma mablanketi. Wanapeleka kwa watu wa vita, huko mbali kwenye theluji."

"Wanalipwa?"

"Wanalipwa thawabu."

"Nani anawasimamia?"

"Mama Mkunga. Amestaafu kazi ya ukunga. Nusu ya mji huu ilianza kulia mikononi mwake."

"Na mablanketi yenyewe ni mazuri?"

Fundi akatema misumari kiganjani. "Mke wangu yuko humo. Mimi mumewe wa ndoa nimeomba moja, nimeambiwa nikapigwe kwanza bomu."

Kinanda akavaa kiatu kabla gundi haijakauka.

Alichungulia dirishani kwanza. Mablanketi yalikuwa yamerundikwa mpaka usawa wa kifua: sufu tupu, mazito, kila moja limeunganishwa kwa vipande vya mraba vya rangi mbalimbali. Vitu vya namna ile hoteli za matajiri hutandika kitandani, kisha zinakataza wageni kuvikalia. Na mjini humo alikuwepo mtu mmoja ambaye akiona kitu kama kile hauulizi moyo wake chochote. Ila tutafika kwake.

Kinanda akanyoosha leso, akakunja uso kwa huruma, akaingia.

"Shikamooni, mama zangu! Natoka Shirika la Daraja la Wema. Habari zenu zimefika makao makuu, na mkurugenzi alipozisikia alishindwa kumaliza chai."

Wanawake walikuwa wamekaa duara, sindano za kufumia zimesimama hewani. Mwisho wa duara alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Huyo ndiye Mama Mkunga. Alimtazama Kinanda juu ya miwani, kisha chini ya miwani, kisha kupitia miwani yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Kinanda akatafuta kiti. Viti vilikuwapo, lakini juu ya kila kiti kitupu palikuwa na sindano mbili na mpira wa uzi.

"Humu hatuna kiti cha mgeni," alisema jirani wa Mama Mkunga, mwanamke mwembamba aitwaye Bi Cherehani kwa kuwa alisema kama anavyoshona, bila kupumua. "Anayekaa anafuma, asiyefuma anasimama, na anayesimama anatuzibia mwanga, sasa wewe chagua."

Wajumbe wa mashirika waliowahi kufika mle walisimama, wakapiga picha, wakaenda zao. Kinanda yeye alikuwa na kazi ya kufanya. Akachukua sindano, akakaa.

"Nifundisheni, mama zangu. Mkono usiojifunza ni mwiko."

Wanawake wakatazamana. Bi Cherehani akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Mama Mkunga akamwekea vidole vyake kwenye uzi, na huku anamfundisha akamweleza mambo yalivyo. Binti yake alikuwa muuguzi kule kwenye vita. Hospitali ilipobomolewa walihamia kwenye ghala la mbolea, wagonjwa wakalazwa sakafuni, na baridi ilikuwa inaingia. Kuna ndege ya mizigo ya kupeleka dawa, itaondoka mwisho wa mwezi. Wenye ndege wamewapa nafasi bure.

"Lakini ndege haiji hapa mlangoni," alisema Mama Mkunga. "Uwanja uko mbali. Lori hatuna. Nyuzi nazo zinaisha, na tumefika nusu. Nimezunguka ofisi zote za mji huu. Tukiikosa ndege hii, mwanangu, mpaka ipatikane nyingine, wale wa ghalani hawatakuwa na haja ya blanketi. Watakuwa wanafunikwa na udongo."

Kinanda akasikia kitu kinamchoma upande wa moyo. Kwa kuwa hakuwa na mazoea na jambo hilo, akaogopa. Akatazama kifuani. Ilikuwa sindano.

"Mama," akasema, akiichomoa, "lori ni juu yangu. Na nyuzi ni juu yangu."

"Kweli, baba?"

"Mama yangu! Mimi nina sura ya kudanganya?"

Mama Mkunga aliinamia sindano. Alikuwa anahesabu vitanzi.

Sasa tumefika kwa yule mtu. Yeye alikuwa mwenye duka kubwa la jumla kwenye barabara kuu, na watu walimwita Tajiri tu, kama vile hapakuwa na wengine. Tajiri alikuwa bahili mpaka akipiga chafya anatazama kama kuna kilichodondoka. Kinanda alimkuta ofisini, amezungukwa na majora ya nguo, anakunywa chai ya majani yaliyokwisha kutumika. Mlangoni alisimama dereva wake wa lori, mtu mkimya, anasubiri kuambiwa aende wapi.

"Blanketi za mkono," Kinanda alinong'ona. "Sufu. Za kufumwa na mabibi, kila moja ina rangi zake, hakuna mbili zinazofanana. Hoteli zitapigana ngumi."

"Bei?"

"Za bure."

Tajiri akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeona swala.

"Rudia hilo neno."

"Bure, Tajiri. Wale kina mama hawalipwi. Wanachotaka ni nyuzi tu, na lori la kubebea. Wewe unatoa nyuzi, zile zilizokudodea pale nyuma, halafu unatoa lori. Wanafuma. Wanapakia wenyewe. Wanapunga mkono. Lori linakata kona, linaingia ghalani kwako. Mimi nachukua fungu langu, wewe unachukua dunia."

"Na watu wa vita?"

"Hao wamezoea shida."

Tajiri akafikiri. Moyo wa binadamu ni kitu kikubwa. Wa Tajiri ulitosha kwenye kisanduku cha kiberiti na njiti zake zikabaki.

"Fungu lako utalipata mzigo ukishaingia ghalani. Siku moja kabla, hata peremende sikupi."

"Tajiri, sisi ni watu wa kuaminiana."

"Ndiyo maana," alisema Tajiri. "Dereva! Kesho pakia nyuzi zote za stoo, mfuate huyu."

"Sawa, Tajiri," alisema dereva.

Kesho yake nyuzi zikafika, lori zima. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka fundi viatu akajigonga kidole. Dereva akashusha magunia bila kusema neno. Mama Mkunga akamwambia, "Asante, baba," yeye akajibu, "Asante, mama," akaondoka zake. Kinanda aliona yote hayo na hakuona kitu.

Hapo ndipo ikaanza taabu ya Kinanda. Maana mablanketi yalikuwa nusu, na mwizi wa nusu ni nusu mwizi. Akawa hana budi kwenda kila siku kuhakikisha kazi inasonga, na kila akienda lazima akae, na kila akikaa lazima afume. Wiki ya kwanza kipande chake cha mraba kilikuwa na pembe tano. Bi Cherehani alikiinua juu mbele ya wote.

"Hiki ni cha nani? Hiki ni cha mgonjwa aliyekatwa mguu au ni cha mbuzi?"

"Ni mtindo wa makao makuu," alisema Kinanda.

"Basi makao makuu wakifumue."

Akafumua. Wiki ya pili vipande vilinyooka. Wiki ya tatu alianza kuwagombeza wenzake: "Mama, uzi umeulegeza hapo! Baridi ya kule haibishi hodi!" Akazoea kusema "sisi" na "kwetu hapa chumbani". Nyuzi nyeupe zilipopungua akaenda kwa mwenye kiwanda cha magodoro, akajitambulisha kuwa ni mpwa wa waziri, akarudi na gunia. Sabuni ilipotakiwa, akaenda hotelini akiwa mkaguzi wa afya, akarudi na katoni. Hivi mjini mwote Kinanda alidanganya watu bila kupumzika, na kila uongo wake ulizaa kitu cha kweli, kikakunjwa, kikafungwa kwenye robota. Hajapata kufanya kazi kwa bidii namna ile tangu azaliwe, na angeambiwa kuwa anafanya kazi angeshtaki.

"Kijana huyu Mungu amempa mdomo," alisema mama mmoja.

"Mdomo ni mzuri," alisema Mama Mkunga, "ukiwa na mtu wa kuushika hatamu."

Kinanda akacheka kuliko wote.

Siku ya kupakia ikafika. Lori la Tajiri likasimama mlangoni asubuhi, yule dereva mkimya kwenye usukani. Marobota yakapandishwa. Kinanda alikuwa amejiandaa na tatizo moja tu, nalo likaja lenyewe.

"Mimi nitasindikiza mzigo," alisema Mama Mkunga.

"Mama! Njia mbaya, vumbi, na umri wako huo wa heshima! Niachie mimi. Nitaulinda kama roho yangu."

"Basi sawa, mwanangu. Panda mbele."

Amekubali upesi. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mama aliyebishana juu ya kila kitanzi amekubali jambo hili kwa neno moja. Lakini Kinanda alikuwa tayari anaonja fungu lake, na ulimi ukiwa kwenye asali hauulizi maswali. Akapanda mbele, mlango ukafungwa, lori likaondoka.

Duka la Tajiri lilionekana mbele kwenye barabara kuu, ghala lake pembeni, lango wazi. Tajiri mwenyewe alikuwa amesimama pale langoni, anasugua mikono kama nzi.

"Hapo, kaka," alisema Kinanda. "Kata kulia."

Dereva akaongeza mwendo.

"Kaka, kulia! Kulia ndiko mkono wa kulia, huo unaolia chakula! Umepita!"

"Sijapita," alisema dereva. "Bado sana."

Lori likapita mbele ya Tajiri kama ambavyo mawaziri hupita. Na hapo Kinanda akasikia vigelegele nyuma ya kichwa chake. Akatoa kichwa dirishani. Turubai lilikuwa limefunuliwa. Juu ya marobota wameketi kina mama wote, Mama Mkunga katikati kama malkia, wanampungia Tajiri mikono. Bi Cherehani alikuwa bado anafuma.

"Wamepandaje?" Kinanda alisema kwa sauti isiyo ya kinanda tena.

"Wakati unazunguka kuja kukaa mbele."

"Kaka, sikiliza. Tajiri atakufukuza kazi leo hii."

"Atanifukuza," dereva alikubali. "Tena nalipenda lori hili kuukuu, tumezoeana. Lakini hebu nisaidie hesabu, wewe mtu wa shirika. Aliyesema nikate kona ni mwajiri wangu. Aliyesema ninyooke ni mama mkwe wangu. Na anayelala kwenye ghala la mbolea, huko kwenye theluji, anawauguza watu huku meno yanagongana, ni mke wangu. Wewe ungekata kona gani?"

Kinanda alifungua mdomo. Ulimi ule uliofungua makufuli ya mji mzima ukalala kimya kama mtoto aliyeshiba.

"Siku ile ofisini," aliendelea dereva, "mlikuwa mnanong'ona, na mimi nilikuwa mlangoni. Nyie wakubwa mnadhani dereva anaposimama kimya amezimwa kama injini. Jioni ile ile nikamwambia Mama. Akasema alishajua. Ati watu wa mashirika hawashiki sindano. Wewe ulipokaa ukafuma, akasema, huyu hakutumwa na mtu, huyu amejituma."

"Sasa kama alijua..." Kinanda alinyanyua mikono, ikakwama hewani. "Kama alijua, kwa nini hakuniitia polisi? Mwezi mzima ananifundisha kufuma, ananipa chai, ananiita mwanangu!"

"Muulize mwenyewe."

Kwenye uwanja wa ndege, sehemu ya mizigo, walikuta ndege tumbo wazi, wakuu wawili wa uwanja, na mwandishi wa habari mwenye kamera. Kinanda akashuka, macho yanatafuta uchochoro. Mama Mkunga akamshika kiwiko. Mkono ule ulikuwa umevuta watoto waliokataa kutoka; haukuwa wa kuchezea.

"Mama, kwa nini hamkuniitia..."

"Beba robota, mwanangu. Maswali hayana magurudumu."

Akavua koti la buluu, akaliweka juu ya robota moja, akabeba jingine. Alikuwa bado yuko safari ya pili wakati gari dogo lilipoingia kwa fujo, likafunga breki, na Tajiri akatoka na jasho linamchuruzika.

"Mzigo wangu!" alipiga kelele. "Lori langu! Nani ameruhusu..."

"Huyu hapa!" Mama Mkunga alipaza sauti kuliko yake, na tabasamu likamjaa uso. "Jamani, mfadhili wetu huyu hapa! Nyuzi zote hizi ametoa yeye. Lori ametoa yeye. Tukamwambia aje tumshukuru, akakataa, mtu wa aibu, hapendi kutajwa. Leo huruma imemshinda, amekuja mwenyewe mbio!"

Makofi yakapigwa. Wakuu wa uwanja wakampa Tajiri mkono, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kamera ikammulika. Aseme nini? Aseme mablanketi haya ya wagonjwa ni yangu, niliyanunua kwa mwizi? Kinanda alipita karibu naye na robota begani.

"Nitakutafuta," Tajiri alisema bila kutikisa midomo. "Nitakutafuta mpaka chini ya kitanda."

"Cheka, Tajiri," Kinanda alinong'ona. "Unapigwa picha. Ukinuna utaonekana bahili."

Tajiri akacheka. Ilionekana kama ameumwa na kitu. Na kwa kuwa mwandishi wa habari alimuuliza dereva huyu hodari ameajiriwa na nani, na wakuu wa uwanja wakiwa wanasikiliza, Tajiri alilazimika kumpigapiga dereva bega na kusema hawezi kumwacha mtu kama huyu mpaka kifo. Mwandishi akayanukuu maneno hayo yote.

Kinanda akabeba. Akamwuliza tena Mama Mkunga alipomkuta mlangoni mwa ndege: "Mama, niambie basi, mlikuwa na sababu gani..." Akaambiwa, "Hilo la kona ile limelegea kamba." Akalikaza. Akauliza tena akiwa na robota la mwisho kichwani, akaambiwa asiongee na mzigo kichwani, atavunja shingo. Mlango wa ndege ukafungwa. Hapo ndipo akapapasa mabega.

"Koti langu!"

"Lile la buluu?" alisema Bi Cherehani. "Nimelikunja nikalitia ndani ya robota, si uliliweka juu, kitu kilichowekwa juu ya robota ni cha robota, kuna mtu litamfaa, halina hata kiraka, mashallah."

Ndege ikaanza kunguruma. Kina mama wakasimama wamejishika vifua. Dereva alikuwa amevua kofia, hatazami mtu. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikawa kama kunguru, ikawa kama nzi, ikapotea. Mama Mkunga aliendelea kutazama mahali ilipopotea. Miwani yake ilikuwa imelowa, naye hakuifuta.

Kinanda alisimama pembeni na shati lake, hana fungu, hana koti, na njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa, hakuna aliyemshika. Angeweza kwenda. Lakini mtu aliyeishi kwa kujua watu wengine wanafikiri nini hawezi kuondoka na jambo lisilojulikana. Lingemwasha sikio mpaka kaburini. Akamsogelea yule mama.

"Mama. Kazi imekwisha. Nimebeba, nimekaza kamba, nimenyamaza. Sasa niambie. Mlijua tangu mwanzo kuwa mimi ni mwizi. Kwa nini hamkuniitia polisi?"

Mama Mkunga akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akamtazama kwa macho matupu kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, nilizunguka ofisi zote za mji huu nikilia mablanketi haya yawahi ndege. Kila mtu alinihurumia. Wengine walilia na mimi. Wakaniambia nirudi wiki ijayo." Akaivaa miwani, akaukaza uzi wake nyuma ya kichwa. "Katika mji mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na haraka kama mimi. Sasa ningemfungaje?"